Milioni Kumi na Moja na Sanda ya Kukopa

Jumamosi ile nilikuwa na milioni kumi na moja na laki tatu kwenye simu yangu, na nikashindwa kununua sanda.

Sanda tu. Kitambaa cheupe cha kumzikia mtu.

Najua mtasema naongeza chumvi. Someni kwanza. Matusi mtanitolea mwisho, na mengine nitawasaidia kuyatunga.

Naitwa Honorata. Nauza mchele na maharage sokoni Mlandizi, huu mwaka wa kumi na sita. Majina ya wengine nimeyabadilisha, langu nimeliacha kwa sababu nimechoka kujificha.

Pale sokoni tuna kikundi cha kufa na kuzikana. Wanawake thelathini na wanne, Wakristo kwa Waislamu. Kila mwezi unatoa elfu kumi. Ukifa, kikundi kinakutoa hospitali, kinanunua sanda au jeneza, kinalipa gari, na wafiwa wanapewa milioni moja ya rambirambi. Hatukopeshani, hatununui masufuria. Tunazikana tu.

Mhazini nilikuwa mimi.

Hela zilikaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku lilikuwa kwangu, funguo kwa watu watatu: mimi, mwenyekiti wetu Recho, na Bi Mwanamvua.

Huyu Bi Mwanamvua ndiye aliyenifanya niandike.

Alikuwa mtu wa Mzenga, Kisarawe. Aliolewa huku Mlandizi, akafiwa na mume huku huku, akabaki anauza mihogo na korosho za kwao. Hakusoma hata darasa moja, lakini ukimpunja shilingi hamsini anakufuata mpaka nyumbani. Alinizidi miaka ishirini na bado akaniita shoga. Nilipojifungua Vicent na maziwa yakakataa kutoka, alilala kwangu wiki nzima ananipikia uji.

Sasa, sanduku lilipofika milioni nane, nikaanza kuumwa presha. Mtu akigonga mlango nashtuka. Nikitoka kwenda kanisani, nasali huku nafikiria uvungu wa kitanda.

Ndipo tukaitwa wafanyabiashara kwenye semina, Kibaha. Dada mmoja akatueleza habari za mfuko wa ukwasi. Mnanunua vipande. Hela yenu inawekwa kwenye amana za benki na hati za serikali za muda mfupi, haichezewi kamari. Inaongezeka kidogo kidogo kila siku. Mkiihitaji mnajaza fomu, inaingia benki ndani ya siku tatu za kazi.

Siku tatu za kazi. Dada wa watu alilisema wazi, na kwenye karatasi limeandikwa. Hilo nataka mlishike, maana kuna wajinga watakuja kwenye maoni kuusingizia mfuko.

Nikarudi Mlandizi na kiherehere changu. Recho akapinga.

"Hela ya msiba unaipeleka ikazae?"

"Kwani ikikaa sandukuni inazaa nini? Panya?"

Kikao kikacheka, na mimi nikajiona mjanja. Bi Mwanamvua aliuliza swali moja tu.

"Hono, nikifa Ijumaa jioni je?"

Watu wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Nauliza kweli. Sisi kwetu maiti hatuiweki. Hizo siku zenu tatu za kazi zitanikuta nimeshaliwa na mchwa."

Basi tukakubaliana. Laki nane zibaki kwenye sanduku siku zote, asiziguse mtu. Zinazobaki ziende kwenye mfuko. Na kuzitoa lazima tusaini wote watatu, kama zilivyo zile kufuli. Mimi na Recho tukaandika saini zetu. Bi Mwanamvua akaweka dole gumba.

Mwaka ukaenda vizuri, hakufa mtu. Kila siku inaongezeka elfu mbili na kitu. Nilikuwa nikiamka naangalia salio kabla sijamwangalia mume wangu.

Ikafika Desemba, kikao cha mwaka kinakaribia. Salio likasoma milioni kumi na nusu.

Nikatamani kutamka "milioni kumi na moja." Jamani, tamaa yenyewe ilikuwa hiyo tu, ya kutamka.

Recho alikuwa amesafiri, ufunguo wake aliniachia. Bi Mwanamvua nikamwambia nataka kuhakiki hela kabla ya kikao. Akafungua pindo la khanga akanipa wake. Hakuniuliza hata hakiki maana yake nini.

Nikachukua zile laki nane, nikanunua vipande.

Nilijipa moyo kwamba michango ya Januari na Februari ikiingia nitazijazia. Kwenye kikao nikasimama, nikataja kumi na moja na ushee kwenye mfuko. Vigelegele. Wakanivisha kitenge. Wote walidhani laki nane bado ziko sandukuni, na mimi sikuwaambia vinginevyo.

Januari hakuna aliyechanga. Ada za shule, mnajua wenyewe.

Wiki ya tatu ya mwezi huo Bi Mwanamvua akapandwa na sukari, akalazwa hospitali ya Tumbi. Jumanne nilikwenda kumwona nikampelekea uji. Jumamosi, saa mbili asubuhi, bintiye Maulida akanipigia.

"Mamdogo, mama ametuacha."

Nililia. Naomba mniamini hapo, nililia kabla sijakumbuka sanduku.

Nilipofika msibani wanawake wamejaa uani. Recho akanivuta pembeni. "Mama Vicent, sanduku liko wapi? Kaka yake anataka wazike kesho adhuhuri, kwao Mzenga."

"Tusubiri kidogo watu wafike."

"Watu gani? Wote hawa hapa."

Sanduku likaletwa. Recho akatoa ufunguo wake. Mimi wangu. Maulida akaja na wa mama yake, bado umefungwa kwenye pindo la khanga. Kufuli ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ndani kulikuwa na daftari na kalamu.

"Laki nane ziko wapi?"

"Ziko salama, Recho. Ziko kwenye mfuko pamoja na zile nyingine. Hebu tazama." Nikainua simu juu ili wote waone. "Milioni kumi na moja na laki tatu. Hela ipo!"

Recho akaitazama simu, akanitazama na mimi.

"Maiti inavishwa simu?"

Nyuma huko mtu akasema "mwizi." Sauti niliijua, mpaka leo namuuzia maharage.

"Jumatatu napeleka fomu, Alhamisi hela inaingia," nikasema.

"Fomu inataka madole ya watu wangapi?"

Nikaishusha simu.

"Inataka watatu," Recho akajijibu. "Wa tatu yuko mochwari. Tukibadilisha jina watataka muhtasari wa kikao, cheti cha kifo, barua ya serikali ya mtaa. Hii hela tutaiona mwezi wa ngapi?"

Nikaondoka nikaenda dukani kwa Abdulwahab, anayeuza vitambaa. Mfukoni kwangu nilikuwa na elfu sitini, haifiki bei ya sanda, mtaji wote nimeuingiza kwenye mchele. Nikamwonyesha simu na yeye.

"Hiyo hela inatoka lini?" akaniuliza.

"Alhamisi."

"Mnazika lini?"

"Kesho."

Akakata sanda, akaifunga kwenye gazeti. "Sanda huwa sikopeshi. Hii nampa Bi Mwanamvua, sikupi wewe. Hela utaleta."

Mchana Mzee Mwinyimadi, kaka wa marehemu, akafika kutoka Mzenga. Alilipa gari. Alilipa na deni la sanda, maana hakutaka dada yake azikwe na deni. Akaja nilipokaa.

"Wewe ndiye mhazini?"

"Ndiyo, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Haya."

Akaniacha hapo, akaenda kukaa na wanaume wenzake. Bora angenitukana.

Hapo sasa ndipo pale ambapo kikundi chote mpaka leo kinajua hadithi inaishia. Wanajua mhazini alifanya ujinga, fomu ikapita, hela ikarudi. Recho aliniuliza mara moja dole lilipatikanaje. Nikamwambia Bi Mwanamvua aliwahi kuniwekea kwenye fomu tupu, nikaihifadhi. Akaniamini, au alichoka.

Sio kweli.

Jumapili asubuhi maiti ililetwa nyumbani kuoshwa. Sikwenda misa. Nikaingia chumbani, nikawaambia kina mama walioketi naye, "Nipisheni kidogo nimuage shoga yangu."

Wakanipisha. Kwa nini wasinipishe?

Kwenye pochi nilikuwa na fomu, imeshasainiwa na mimi na Recho (yeye aliisaini tupu Desemba kabla hajasafiri), na kidau cha wino wa muhuri. Nikafunua shuka. Mkono ulikuwa umekaza na una baridi ya friji. Ilibidi nikivute kile kidole kwa nguvu. Nikakipaka wino, nikakikandamiza kwenye fomu. Mara ya kwanza kikateleza. Nikarudia.

Nilipogeuka, Maulida alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

Aliitazama karatasi, akautazama mkono wa mama yake. Akaweka ndoo chini. Mimi nikapita pembeni yake nikatoka.

Nilisikia baadaye kwamba waoshaji walisugua lile dole kwa limau na sabuni na halikutakata. Walidhani ni mambo ya hospitali. Bi Mwanamvua alizikwa hivyo.

Jumatatu nikaandika tarehe ya Ijumaa kwenye fomu, siku aliyokuwa bado hai, nikaipeleka ofisi ya mfuko, Maili Moja. Alhamisi hela ikaingia yote, na faida yake. Mfuko ulifanya vile vile ulivyoahidi. Kikundi kikatulia, wakasema kumbe mama wa watu hakuwa mwizi. Yule wa "mwizi" akaniomba radhi, nikampokea kwa madaha. Mwezi wa tatu wakanichagua tena.

Siku ya arobaini nilikwenda Mzenga na milioni ya rambirambi kwenye bahasha. Maulida akaipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka kwa mjomba wake mbele yangu.

"Mjomba, hela yako ya gari na sanda hiyo. Inayobaki tugawie madrasa."

Kisha akanisindikiza njiani. Tukatembea mpaka nikashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, lile jambo... nilifanya kwa ajili ya kikundi. Hela isikwame."

"Mama alishapatiwa gari na sanda, mamdogo. Wewe ulikuwa unajitafutia nini?"

Nilikuwa najitafutia nini? Jina langu. Hela ingekwama miezi sita, na kwa miezi sita ningeitwa mwizi pale sokoni. Nikaona bora nimshike maiti mkono.

Hayo sikumwambia, nikaongeza mwendo.

Akasimama. "Alhamisi ile kabla hajafa nilikupigia mara nne."

Nikageuka kumtazama.

"Mama alinituma. Alisema, mwite Hono aje na karatasi zake niweke dole mapema. Nikiondoka hivi watahangaika na ile hela, na yeye watamsema."

Simu zile niliziona. Zote nne. Nilikuwa kibandani, hakuna mteja, simu iko mkononi. Nikaigeuza juu chini nikaiweka kwenye gunia. Nilidhani anataka zile laki nane za sandukuni za matibabu, na mimi sikuwa nazo. Nikajisemea nitampigia wikiendi.

Mwanamke yuko kitandani anakata roho, anawaza nisije nikasemwa. Mimi namkimbia.

Nilimwambia Maulida, "Nisamehe mwanangu." Akasema, "Gari lako litakuacha, mamdogo," akarudi kwao. Ni mwaka sasa na hajamwambia mtu. Angesema neno moja tu pale sokoni ningekuwa nimeshahama Mlandizi.

Haya, funzo. Najua ndilo mnalolisubiri.

Mfuko ni mzuri, ada ya Vicent naiweka humo humo mpaka leo. Lakini hela ya msiba na ya hospitali, kiasi chake kikae mahali unapoweza kukishika leo hii, iwe Jumapili, iwe sikukuu. Mkikubaliana kisiguswe, usikiguse hata kwa sababu nzuri. Watia saini wawe wanne na watatu watoshe, maana na wao wanakufa. Hayo ni ya hela, nayo hayana ugumu wowote.

La pili ni kwamba mgonjwa akipiga simu, pokea. Usimkadirie anataka nini.

Kina mama wenzangu wa Mlandizi mnaosoma hapa, sasa mmejua. Kikao ni Jumamosi hii. Tafuteni mhazini mwingine. Mimi nitakuja, daftari nitalikabidhi kwa Recho, na mkitaka nitoke nje mjadili, nitatoka.