Simu ya Baba Mkubwa Kwenye Mpaka wa Luciana

Aneth alibakiza pembe moja tu ya shamba la mama Luciana, pale kwenye ua wa minyaa, simu ilipofuta kila kitu. Kila kitu! Nukta thelathini za ramani, alizozikusanya kwa kuuzunguka karibu mpaka mzima juani, hazipo.

Kisa chenyewe salamu. Baba yake mkubwa, mzee Alphonce aliyemlea tangu darasa la pili, alimpigia kutoka Sepuka katikati ya kazi. Angefanyaje? Huku Ilongero mzee hakatiwi simu. Akapokea, akatoa shikamoo, akaulizwa habari za kazi, za mvua, za alizeti, hadi za kuku. Aliporudi kwenye programu ya kupimia, ramani ilikuwa nyeupe pe.

Fundi simu wa mnadani alishamwonya. "Dada, hii kumbukumbu yake ndogo. Unachokitazama ndicho inachokihudumia. Ulichokiacha nyuma inakivumilia kidogo tu, nafasi ikibana inakizima bila kukuuliza." Aneth alishafuta picha, alishafuta magemu, alishaweka ruhusa zote alizoelekezwa. Wapi! Na kuuzima mtandao ili asipigiwe hawezi, maana bila mtandao ramani haifunguki. Alitamani kulibamiza lile lisimu kwenye jiwe.

Na leo ndiyo mwisho. Saa tisa orodha ya mashamba yaliyopimwa kwa ajili ya hati inafungwa, na awamu nyingine hakuna anayejua itakuja lini. Luciana ni mjane, hana muda wa kungoja. Shemeji yake Mughwai ameshang'oa minyaa ya upande wa chini na kuotesha alizeti zake hatua kumi ndani ya shamba lisilo lake.

"Imeingia, mwanangu?" Luciana aliuliza.

"Imefutika, mama. Tunaanza upya."

"Yesu wangu! Kwa miguu hii?" Lakini akajifunga kanga vizuri, akatangulia.

Wakazunguka tena, Aneth macho kwenye kioo, akijikwaa kwenye matuta. Hakupiga picha, hakutazama hata ujumbe. Saa nane na nusu, nukta ya ishirini na nane, simu ikaita. Baba Mkubwa.

Lo, mzee naye! Akipokea, ramani inakwenda nyuma na kufa kama mwanzo. Akiacha iite, jina lile linakaa juu ya kioo na nukta haziguswi. Akabonyeza pekundu.

Luciana alisimama. "Umemkatia mzee?"

"Nimemkatia, mama. Twende."

Nukta ya thelathini na moja ikaingia, akahifadhi, akatuma. Jibu likarudi saa tisa kasoro dakika sita: shamba limepokelewa. Luciana alikaa chini palepale kwenye matuta akalia, akimbariki Aneth na kizazi chake chote.

Aneth akasogea pembeni, akapiga Sepuka.

"Shikamoo, baba mkubwa."

Alisikia kengele za ng'ombe, alimsikia mzee akipumua.

"Shikamoo, baba mkubwa. Nilikuwa napima shamba la watu, ningepokea simu ingefuta kila—"

"Simu imefuta nini? Si ndiyo hii unanipigia?" "Kumbe siku hizi unanikatia."

Kisha akakata yeye. Marahaba hakuitoa.