Klabu Iliyoliwa Mahafalini

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyomwagiwa maji ya moto hunikera hadi leo. Jirani yangu hapa Nzuguni akianza kunyonyoa kuku uani, mimi hufunga dirisha nikabaki na joto langu ndani. Ningeweza kutoka nikatembee kidogo, lakini mimi na kutoka nyumbani hatujawahi kuelewana.

Hata klabu niliichagua kwa uvivu huohuo. Pale sekondari yetu Kondoa kila mwanafunzi alitakiwa kuwa na klabu. Skauti walitembezwa juani mpaka viatu vikacheka. Wa mdahalo walipakiwa kwenye basi kwenda kubishana na shule za mbali. Klabu ya Ufugaji ilikaa nyuma ya jiko na kuku wake, haiendi popote. Nikasema hapo ndipo kwangu.

Mama alinisimanga miaka yote. "Banda la hapa nyumbani hulioni, la shule unalipiga deki!" Nami namjibu, "Subiri mahafali, mama, utasikia jina langu kwenye spika." Nililitaka hilo kuliko kitu chochote, maana kwenye masomo, msinicheke, sikuwa na jina la kusikika.

Wiki ya mahafali, msimamizi wa klabu zote, Mwalimu Salehe, akatusomea utaratibu mpya: itatambuliwa klabu yenye kitu cha kuonyesha mbele ya mgeni rasmi. Isiyo na kitu, wanachama wake hawataitwa. Sisi wasiwasi wa nini? Kuku wetu walikuwa wamenona mpaka wanatembea kwa maringo.

Asubuhi ya siku yenyewe likaja agizo la mkuu wa shule: kuku wote jikoni, ni kitoweo cha meza kuu. Tukawakamata wenyewe, tukawanyonyoa wenyewe, tukijiona watu muhimu kweli. Akili ya kujiuliza tutaonyesha nini haikunijia, na mimi ndiye mwenyekiti.

Zamu yetu ikafika.

"Ufugaji, mna nini?" akauliza Mwalimu Salehe.

"Mwalimu, wapo jikoni."

"Jikoni si maonyesho."

"Basi tulete manyoya?" akauliza Zuhura, katibu wangu, na wala hakuwa anatania.

"Utaratibu ni utaratibu. Kaeni chini."

Tukakaa. Skauti wakapiga saluti, wakatajwa mmoja mmoja, wazazi wao wakapiga vigelegele. Upepo ukatuletea harufu ya kuku wetu wakikaangwa.

Wakati wa chakula mama akanijia, kajifunga kanga yake mpya, mikono bado inanuka vitunguu vya harusi aliyoipikia jana yake. "Jina liko wapi?" Nikamweleza huku nalia. Akanishika mkono akanikokota hadi meza kuu, mbele ya mgeni rasmi mwenye paja la kuku mkononi.

"Shikamoo, mama," akasema yule bwana, kashtuka.

"Marahaba, baba. Kuku mtamu?"

"Mtamu kweli, mama."

"Basi kamlea huyu. Anaitwa Mwanaidi."

Mwalimu Salehe akainuka, akakaa tena. Mgeni rasmi akanipa mkono unaoteleza mafuta. Nilitamani ardhi ipasuke. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimnunia mama kwa kuniaibisha mbele ya watu.

Nilikuja kuelewa nikiwa na nyumba yangu na masufuria yangu. Mtaani kwetu hakukuwa na harusi ambayo mama hakuipikia. Watu walikula, wakamsifu bibi harusi, wakasifu mapambo, wakamshukuru hata mwenye kukodisha viti. Mama alikuwa nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, na sikumbuki hata siku moja mtu kumwita aje mbele.

Wa kumwita alikuwepo. Nilikuwa nimekaa mkekani na wageni, sahani mkononi, nauliza kama nyama imebaki.