Viatu vya Ulaya vya shemeji yangu

Shemeji yangu ndiye anayekwenda Ubelgiji, lakini malengelenge nimepata mimi.

Alinunua viatu vipya vya kutembelea, vigumu kama ubao. Akaniletea hapa Awindiri.

"Shemeji, wewe iko na mguu ya kazi. Vaa kwanza, vilainike. Ulaya watu wanatembea sana."

Nikavivaa sokoni, kanisani, hadi Adumi kutafuta mihogo. Nilichechemea wiki nzima.

Leo amekuja kuvichukua. Amevijaribu mbele ya dada yangu, mkewe, na kisigino chake kikachomoka nje ya kiatu.

"Umevipanua," akaniambia kwa hasira.

"Si ulitaka mguu ya kazi?"

Dada amecheka mpaka akakaa chini. Bwana akaondoka na ndala zake.

Viatu nimebaki navyo, na sasa vinanikaa vizuri sana.

Mnaomjua, mwambieni ajifunze kutembea mwenyewe.