Majeruhi Tisa wa Bakó Lőrinc

Bakó Piroska alianza kwa kufua taulo kwenye bafu la maji moto la Nádkút, na kabla nywele hazijamgeuka mvi alikuwa mkandaji ambaye hata daktari wa mji alimpangia foleni. Hakufundishwa na mtu. Mgongo mmoja leo, goti moja kesho, mpaka akawa anamtambua mteja kwa kisigino kabla hajamwona uso. Jambo moja alilijua kuliko wote: mtu mzima akilala kifudifudi, anasema kweli.

Ilipotimia miaka arobaini tangu fainali ya kombe la soka la mkoa kati ya Timu ya Reli na Timu ya Matofali, kamati ya kumbukumbu ikaamua kutundika kibao cha shaba uwanjani. Kingesema Matofali walishinda kwa ubabe wa beki Bakó Lőrinc, aliyeumiza wachezaji tisa wa Reli. Lőrinc alikuwa mume wa Piroska. Marehemu hajibu, lakini mjane ndiye atakayepita mbele ya kibao kila asubuhi akienda kazini.

Alimfuata Fejős Ottó, mwenyekiti wa kamati, aliyekuwa ndani ya maji mpaka kifuani akicheza sataranji.

"Tisa, Ottó? Na vile vimiguu vyake vifupi?"

"Majeruhi wote wamesaini, shemeji. Mimi mwenyewe wa kwanza. Goti hili!"

"Niletee majeruhi wako Jumamosi, niwakague. Wote wakiwa waongo, jina la mume wangu linatoka. Nikikuta jeraha moja la kweli, linabaki, na sitafungua mdomo tena."

Wakapeana mikono, wa Ottó ukichuruzika maji.

Jumamosi wanaume tisa wakapanga miguu yao ukingoni mwa bwawa kama soseji dukani. Piroska akaanza na mwenyekiti.

"Goti hili ulianguka nalo kwenye ngazi, ukiiba cheri za jirani. Uliniambia mwenyewe, ukalia."

"Sikulia!"

"Alilia," Piroska akawaambia wengine, akasogea. "Wewe uliangukiwa na nguruwe siku ya kumchinja. Wewe ulicheza ngoma harusini kwa binti yako, mfupa ukakataa. Na wewe Imre, mwaka ule ulikuwa na umri gani?"

"Sita," Imre akanong'ona. "Lakini niliumia sana rohoni."

Bwawa zima likacheka hadi maji yakamwagika. Wanane wakaisha hivyo. Wa tisa alikuwa Csordás Vendel, kipa wa Reli, mtu wa kuoga na soksi, ambaye hajawahi kulala kwenye meza ya Piroska. Akavua soksi ya kushoto polepole. Kifundoni palikuwa na kovu lenye alama tatu za njumu. Piroska akalipapasa. Vidole vyake havikumpa pa kukimbilia.

"Hili ni la kweli," akasema.

"La kweli kabisa," Vendel akajibu. "Lakini tumpe haki yake, dada. Mimi nilimng'ata sikio kwanza."

"Sikio? Mbona aliniambia ni bata bukini!"

"Ni mimi."

"Miaka thelathini na minne, kila Novemba anachinja bata bukini, eti kisasi!"

Ottó akakohoa. "Mapatano ni mapatano, shemeji. Jina linabaki."

"Libaki. Lakini tisa wamekuwa mmoja, na shaba yenu sasa ina nafasi. Andikeni na meno ya Vendel."

"Vendel atafedheheka."

"Nifedheheke nini?" Vendel akaruka, mguu mmoja na soksi, mmoja bila. "Nilifungwa mabao manne, hakuna anayekumbuka hata kama nilicheza! Niandikeni!"

Wakabishana hadi mhudumu akapiga filimbi ya kufunga bafu. Piroska akakubali teke liandikwe, akakubali hata neno ubabe. Kitu kimoja tu hakukipunguza: meno yatangulie, teke lifuate. Siku ya kuchonga kibao alisimama nyuma ya fundi wa shaba mpaka herufi ya mwisho ikachongwa.