Madumu Chini ya Sakafu ya Boti

Mkwe wangu alitengeneza boti uani kwake Mtawanya, mbali na bahari, na wapita njia wakamcheka. Mimi sikucheka. Nilivuta kigoda nikakaa kuitazama. Mimi ni mtu wa Mpapura, mtu wa mikorosho na mihogo, na bahari nilikuwa naiona kwa mbali tu nikija mjini. Kwa hiyo kila kitu cha boti ile kilikuwa kipya kwangu, na kitu kipya nisipokielewa kinaniwasha.

Ilikuwa boti ndogo ya plaiwudi, imepakwa gundi na faiba, ina mlingoti wa kuchomoa. Ilikaa juu ya tela la magurudumu mawili. Mkwe alitaka aifunge nyuma ya gari lake Jumapili akitoka kanisani, aipeleke Msimbati, atweke tanga kidogo, kisha arudi nayo nyumbani. Kazi yake ni bandarini, lakini kwao ni Ziwa Victoria, na watu wa kule ukiwatenga na maji hawatulii.

Hayo yangekuwa yake na boti yake. Ila alitaka kwenda na mjukuu wangu, mtoto wake na binti yangu, msichana wa darasa la sita niliyembeba mgongoni mimi. Mtoto hajui kuogelea. Mama yake hajui, na mimi sijui. Nikasema mtoto haingii humo mpaka nione kwa macho yangu: boti ikijaa maji, inafanyaje?

Nikisema nilisema, maana yake nilimwambia mjukuu. Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani uso kwa uso. Kwao nako ni hivyo hivyo, tena wao wamezidi. Basi yeye anapiga randa pale, mimi nimekaa hapa, na maneno yetu yanazunguka kwa mtoto.

"Mwambie baba yako, ikijaa maji?"

"Baba, bibi anauliza, ikijaa maji?"

"Mwambie bibi, nitafunga madumu matupu ya mafuta ya kula, vifuniko nivizibe kwa gundi. Maji yakiingia, madumu yatakataa kuzama, na boti itabaki juu."

"Mke mwenzangu," mtoto akaniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "mbona mnasikiana? Mimi redio?"

"Redio haihoji watu wazima. Muulize atayafunga wapi."

Mkwe akaacha randa. Akasema, "Mwambie bibi, yeye anaonaje?"

Aliuliza kwa adabu tu. Mimi nikajibu kweli. Nikasema yakae chini, chini kabisa, chini ya sakafu. Kitanda kinambeba mtu kwa chini. Kata ya kichwani inaubeba mtungi kwa chini. Kitu cha kuinua boti kikae wapi tena? Halafu pembeni nilitaka pabaki wazi, mtoto akae chini vizuri ashike ubavu wa boti.

Mkwe alipapasa ubao kwa muda. Kisha akasema, "Mwambie bibi, sawa."

Nikairidhia ile sawa.

Siku ya kujaribu tulikwenda Msimbati sisi wanne, boti ikirukaruka nyuma yetu. Mkwe alirudi nyuma na gari mpaka tela likaingia majini, boti ikateleza ikaelea, nikaona ni nzuri, nisiseme uongo. Akaisukuma mpaka maji yakamfika kiunoni, akapanda, na mjukuu na mama yake wakaanza kuimwagia maji ndani kwa ndoo. Yeye mwenyewe anateka, anamwaga. Pale pwani tulionekana vichaa, na wavuvi waliokuwa wanatengeneza nyavu hawakutunyima maneno.

"Shemeji, boti inatiwa maji au inatolewa maji?"

"Mwacheni, wa bara huyo!"

Boti ikajaa. Haikuzama. Nilikuwa nimeanza kufurahi moyoni, mara ikalala upande mmoja, taratibu, kama mtu anayegeuka usingizini, kisha ikapinduka yote. Tumbo juu, mkwe chini. Binti yangu akapiga ukelele. Mwanamume akaibuka upande wa pili, anakohoa, mwani umemkaa kichwani.

Sasa fikiria angekuwa mtoto.

Nilichemka. Nikamwambia mjukuu amwambie baba yake hiyo si boti, ni mtego. Mtoto hakupeleka maneno. Walikuwa wameigeuza na kuivuta mchangani, na mimi nikasogea kuchungulia. Ubavuni, chini ya viti, huku na huku, niliona alama za penseli, na matundu ya skrubu yaliyotobolewa vizuri, hayana kitu.

"Haya ni ya nini?" nikamuuliza mtoto.

"Ya mikanda ya madumu. Baba alitaka kuyafunga hapo pembeni, juu juu. Wewe ukasema chini."

"Mbona hakusema?"

Mtoto akanitazama kama mimi ndiye wa darasa la sita. "Angekwambiaje? Wewe si mkwewe?"

Mkwe alikuwa anakamua shati, amenipa mgongo. Kanywa maji ya chumvi kwa sababu ya adabu, nikawaza. Na mjukuu wangu angeyanywa pia. Nilishindwa nimkasirikie nani.

Lakini bado sikuelewa, na kukubali kitu nisichokielewa siwezi. Nyumbani nilijaza beseni maji. Nikachukua kopo la majarini, nikalifunga vichupa vya dawa vitupu kwa chini kwa mpira, nikalijaza maji. Likapinduka. Nikaliweka sawa, likapinduka tena. Nikavihamishia vichupa juu, kwenye mdomo wa kopo, viwili huku, viwili kule. Likajaa maji mpaka juu, likatulia. Nikalisukuma kwa kidole, likainama, likarudi. Ming'oko yangu, ile mizizi ya porini tunayochemsha, iliungua jikoni, nami nasukuma kopo. Kumbe vichupa vinapenda kupanda. Ukiviweka chini vinatafuta njia ya kwenda juu, na njia yao ni kulipindua kopo. Ukiviweka juu vimeshafika, vinaning'iniza kopo kama kamba ya kuanikia.

Nikamwita mjukuu. "Mwambie baba yako ayahamishe. Na mwambie, safari nyingine nikisema visivyo, akatae."

"Akatae kwako?"

"Akatae kupitia kwako, basi. Ila akatae."

Tuliporudi Msimbati, madumu yalikuwa yamepangwa ubavuni kwa mikanda, mengine mbele puani. Nikasema safari hii naingia mimi. Binti yangu akasema, "Mama, huko ni kutafuta kesi." Nikafunga kanga vizuri nikapandishwa. Mkwe alikaa nyuma, mimi mbele, karibu na ubavu, nimempa mgongo kama inavyopasa. Mkwe akateka maji, akamwaga ndani. Yakanifika magotini, yakanifika kiunoni, ya baridi. Nikashika dumu kwa mkono mmoja, na Mungu kwa mwingine. Boti ilijaa mpaka bahari ya ndani na bahari ya nje zikawa moja, na mimi bado nimekaa. Ikayumba, ikarudi. Nikacheka peke yangu.

Kisha ikaanza kuinama upande niliokaa. Nikangoja irudi. Mtoto alikuwa pwani, mbali, hakuna redio.

"Mama," nikamsikia mkwe nyuma yangu, "hapana. Hapo ulipokaa sipo. Sogea katikati."

Miaka yote ile hakuwahi kuniambia hapana.

Nikasogea. Boti ikanyooka. Ndipo nikamwita mtoto aje apande.