Chungu Kilichohama

Jirani anakaanga unga wa wimbi, na harufu yake imenifikia hapa kitandani, nilikolala tangu niugue. Ndivyo nyumba yetu ya Malaba, mpakani, ilivyonukia nyanya alipotengeneza pombe, ile ambayo wazee waliinywa kutoka chungu kimoja kwa mirija mirefu.

Babu alikuwa ameanguka shambani. Mfupa wa mguu uliunga, lakini miguu ilikonda kama mabua ya mtama, akawa haondoki kitandani. Wanawe walimletea kila kitu, hata chungu. Jioni moja nyanya akakitoa chungu, akakiweka mlangoni.

"Mrija haufiki!" babu alilalamika.

"Basi fika wewe, mzee."

Alimtukana, kisha akafika, akishika ukuta. Wiki iliyofuata chungu kilikuwa uani, kisha karibu na zizi, na wakati wa mavuno kikawa kwa jirani, ng'ambo ya reli. Babu aliwasili jasho likimtiririka.

"Kesho utakiweka Uganda?"

"Ukitaka," nyanya alisema, akimpa mrija.

Sasa hivi nimemwita binti yangu aniletee chai.

"Iko barazani, mama," amejibu, wala hajaja.

Nimeulaumu mdomo wangu kwa kumsimulia habari za chungu, kisha nikaanza kupapasa sakafu kwa nyayo, nikitafuta champali zangu.