Ufunguo wa Pikapu Uliokuwa Ukitoweka

Jumamosi, tarehe 9 Mei, saa nne na robo asubuhi, manyunyu yakiwa yamekatika punde. Nilikuwa nimelala chali chini ya pikapu yangu, uani kwangu, nikimvizia mwizi.

Mimi nimelelewa na shule ya bweni. Siamini kwamba vitu hupotea vyenyewe.

Kila nilipoingia chini ya gari kulitengeneza, ufunguo ulitoweka kwenye swichi. Nikitoka, naukuta sebuleni juu ya televisheni, umetulia kama mgeni wa heshima.

Nilimshuku shemeji, mdogo wake mke wangu, kijana asiye na kazi anayeamka saa tatu. Nilihisi anakwenda kuchongesha ufunguo wa pili.

Ijumaa usiku nililisema jambo hilo mezani, mbele ya mama mkwe. "Mwizi wa ufunguo tunakula naye hapa."

"Shemeji, mimi hata mlango wa choo hunishinda kufungua," akajibu, akijiongezea mchuzi.

Mama mkwe hakucheka.

Basi Jumamosi hiyo niliuacha ufunguo kwenye swichi makusudi. Gia niliiacha namba moja, kama ilivyo kawaida yangu. Nikavuta miguu ndani nisionekane, nikanyamaza.

Nje ya geti, gari la maji likapiga honi, likarudia.

Mlango wa pikapu ukafunguliwa. Gari likadidimia kidogo juu yangu. Mtu ameketi.

Leo nimekukamata, nikasema moyoni. Nikasubiri awashe, ushahidi ukamilike.

Ndipo nikasikia sauti. Haikuwa ya shemeji.

"Huyu baba naye, ufunguo kauweka wapi tena? Gari la maji litapitaje hapa?"

Mke wangu.

Mke wangu huwasha gari kwanza, klachi huikumbuka baadaye. Ufunguo ungekuwepo, kwa gia ile pikapu ingeruka mbele, nami niko chini yake, kimya, kwa hiari yangu.

Nilitoka nikitambaa. Shemeji alikuwa amesimama kizingitini, ufunguo mkononi. Alikuwa ameuchomoa kupitia dirishani, honi ilipokuwa ikilia.

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanong'ona, "Nilikuona ukiingia chini. Dada hakawii kusogeza gari, na haulizi mtu. Nikikwambia, utamgombeza. Akijua nimemsema, mimi nitalala wapi, shemeji?"

Ninyi mnaotengeneza magari nyumbani, nisikilizeni. Anayeingia chini ya gari aingie na ufunguo mfukoni mwake, na kila aliyemo nyumbani ajue yuko huko. Na kama una mtu unayemshuku, muulize ukiwa umesimama wima.

Mchana ule nilimwomba shemeji radhi mbele ya mama mkwe, kwa kumwita mwizi. Alikubali upesi mno. Nikaanza kumshuku upya.

"Sasa shemeji, kwa vile nimekuokoa, niazime pikapu jioni nimpitie mchumba."

Nilikataa. Nilichodaiwa ni radhi, na nimeilipa. Gari sidaiwi, na leseni hana.